Swali Kwenye Mdomo wa Duara

Vigelegele vilinikuta nachambua maharage. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda mlangoni pangu, ungo magotini, natoa vijiwe na kuvitupa uani, kuku wakivikimbilia wakidhani ni chakula. Sauti ya kwanza ilikuwa ya mtu mmoja. Halafu zikaungana nyingi, zikapanda kutoka upande wa machimbo, na hapo nikajua ni wanawake wa kwetu, kwa sababu hapa Mwakitolyo shimo la dhahabu tunaliita duara, na hakuna duara lingine linalopigiwa vigelegele. Wanaume wakipata dhahabu hupiga miluzi, au hunyamaza kabisa wasije wakavamiwa.

Ilinipasa niinuke nikimbie. Mwenyekiti wa kikundi nilikuwa mimi. Shimo lile lilianza kuchimbwa mdomoni mwangu kabla halijachimbwa ardhini. Badala yake nilibaki nimeshika punje ya harage kati ya vidole, nikaomba, na Mungu ananijua niliomba kwa moyo wote, isiwe dhahabu. Iwe mtoto kazaliwa. Iwe posa ya Violeth imefika na ng'ombe. Iwe chochote, ila isiwe dhahabu, na hasa isiwe leo.

Maana leo hiyo nilikuwa nimeambiwa nisishuke.

Machimboni watu wanaamini mengi. Wako wasioingia duarani wakiwa wameoga kwa sabuni. Wako wasiolala na wake zao usiku wa kuamkia kushuka. Lakini hakuna linaloshikiliwa kama hili: mwanamke aliye kwenye siku zake akikaribia duara, dhahabu inakimbia. Mtu anaweza kuwa Mkristo wa kukaa benchi la mbele, au Mwislamu wa kuswali swala zote, na hilo bado asilifanyie mzaha.

Mimi nililijua siku nilipompelekea mume wangu chakula. Wakati huo tulikuwa Geita, tumepanga chumba Kalangalala, na Jilala alikuwa akichimba nje ya mji. Sikujua kwamba mwanamke anaishia kwenye karasha, pale mawe yanaposagwa. Nikapitiliza hadi kwenye duara, nikainama kuchungulia, nikamwita kwa jina. Wenzake walinifukuza kama mbuzi aliyeingia kwenye mahindi. Jioni walipopanda mikono mitupu, kosa likawa langu. Mkubwa wao akamuuliza Jilala mbele ya wote kama mkewe yuko mwezini. Na Jilala, mwanamume niliyemfulia na kumpikia, akajibu ndiyo. Ugali wangu wakaumwaga kwenye kifusi.

Ugali haukuniuma sana. Kilichoniuma ni lile swali, na jinsi alivyolijibu mtu mwingine huku mwenye mwili nimesimama palepale, natazama vidole vyangu vya miguu. Aibu ile haikunitoka hata Jilala alipofuata dhahabu ya mahali pengine na kusahau njia ya kurudi. Nilimchukua mwanangu Noela, nikaja Mwakitolyo, nikaponda mawe kama wanawake wengine, na kila nyundo iliposhuka nilikuwa najibu lile swali upya, mara hii kwa matusi.

Mimi nina mdomo, sikatai. Ndio uliowakusanya wenzangu. Wa kwanza alikuwa Mama Lusia, mjane mwenye kibanda cha chai, mtu wa maneno machache ambaye kila mtu alimwamkia shikamoo hata waliomzidi umri. Wa mwisho alikuwa Violeth, mdogo kuliko sote, aliyekuwa akibeba viroba vya mawe mgongoni bila kulalamika. Tulipewa duara lililoachwa, lenye maji na kuta zilizolegea. Mzee Pantaleo, Msumbwa aliyechimba tangu ujana wake, akakubali kutufundisha kupanga matimba, yale magogo yanayozuia kuta zisiporomoke.

"Mimi siamini kama mtapata kitu, wanangu," alituambia. "Lakini sitaki mfukiwe."

Siku ya Wanawake, uwanja wa shule umejaa, nilipewa kipaza sauti niseme maneno machache ya shukrani. Nikasema mengi. Nikasema tutashuka wenyewe, tutachimba wenyewe, na dhahabu tutaipata. Nikasema katika duara letu hakuna mwanamke atakayeulizwa habari za mwili wake. Atashuka siku yoyote ya mwezi, na anayedhani dhahabu ina pua na aje atuonyeshe hiyo pua. Wanawake walishangilia hadi vumbi likatimka. Wanaume walicheka, wengine kwa kweli na wengine kwa kuficha hasira. Mimi nikarudi kwenye benchi kichwa kimevimba.

Deusdedit, mwenye duara la jirani, alinisubiri getini.

"Mama Noela, umesema maneno mazito leo."

"Na nitayabeba mwenyewe," nikamjibu.

Niseme ukweli: miezi ile ya mwanzo nilijipenda kuliko wakati wowote wa maisha yangu. Kule chini kuna baridi na harufu ya udongo ambao haujawahi kuonwa na jua. Unasikia pumzi yako mwenyewe, unasikia mwenzako akigonga moko, ile patasi ya chuma, na mwanga wa tochi ya kichwani unakata giza kipande kidogo tu, kinachokutosha. Mikono yetu iliota sugu sehemu mpya. Tulishuka kila siku, aliye mwezini na asiye mwezini, hakuna aliyeuliza. Vitambaa vyangu nilivianika kwenye kamba mchana kweupe, njia ikipita hapo hapo, kwa makusudi kabisa. Nilitaka waone.

Ila duara lilikuwa halitoi. Masika yalikuja yakapita. Kifusi chetu kiligeuka kilima ambacho watoto walikitelezea, na kila tulichopeleka kwenye karasha kilitupa matope. Asubuhi tulichimba, mchana tukaenda kuponda mawe ya watu wengine ili tule, tupate na mafuta ya pampu ya kuvutia maji. Deusdedit akawa anatusalimia kwa utani: "Mama zangu, mmeshatokea Ulaya?" Mwanzoni tulimjibu kwa utani pia. Baadaye tukawa tunapita tu.

Nikaanza kuona wenzangu wakinyamaza ninapofika. Mtu hana haja ya kuambiwa ananyamaziwa nini. Asubuhi moja, kabla ya kwenda duarani, waliniita kibandani kwa Mama Lusia. Chai ilikuwa imeshamiminwa, na hakuna aliyeigusa.

Violeth ndiye aliyesukumwa aseme.

"Dada Scola, usinichukie. Jana nimepita kwako. Nimeona vitambaa vimeanikwa."

"Vimeanikwa, ndiyo. Kwa hiyo?"

Akamtazama Mama Lusia. Mama Lusia alifuta meza ambayo haikuwa na uchafu, akaifuta tena.

"Kwa hiyo hakuna, mayu," akasema. Kwa Kisukuma ni mama, na yeye aliwaita hivyo hata mabinti zake. "Hatukufukuzi. Hata hatusemi ni kweli. Tunasema tujaribu tu. Wewe upumzike hizi siku chache, na wengine walio kama wewe wapumzike. Watoto wana njaa, Scola. Tujaribu kila kitu."

Nilikasirika hadi masikio yakaziba. Ningegeuza meza ile nikaondoka, ningekuwa nimekosana nao na basi. Ningelia, wangenionea huruma. Lakini nilijiona mjanja. Tulikuwa tumekosa masika mazima. Siku chache zingebadilisha nini? Nikaona nafasi ya kulizika swali lile mbele ya wote.

"Sawa," nikasema. "Nakaa nyumbani mpaka nimalize. Mkipata, semeni mnachotaka, nitakifuata. Mkikosa, swali hili lisitajwe tena kwenye duara letu."

Wakakubali. Nilirudi nyumbani natembea kwa madaha. Jambo nililoliamini kuliko yote nilikuwa nimeliweka rehani kwa jiwe, na nilikuwa nafurahi.

Ndiyo maana vigelegele viliponikuta na ungo wangu, niliomba vile nilivyoomba. Nilikuwa nawaombea njaa watu wangu mwenyewe. Sijui kama kuna aibu inayoizidi hiyo, na wala haikuwa ya mwisho.

Walikuja kwangu wanaimba. Walikuwa wamejaa tope hadi kwenye nyusi, mwenzetu Eunice amepoteza kiatu kimoja wala hana habari. Mama Lusia alinifungua kiganja, akaweka jiwe jeupe lenye uzi mwembamba wa njano, akanifunga vidole juu yake. Halafu akanikumbatia, mwanamke yule ambaye sikuwahi kumwona akimkumbatia mtu.

"Wabeja, mayu," akaniambia sikioni. "Asante kwa kukaa."

Laiti wangenicheka. Kicheko ningekijibu, mdomo ninao. Lakini walinishukuru, mmoja mmoja, kama mtu aliyetoa sadaka, na mimi nikasimama katikati yao na jiwe mkononi, uso unawaka, nasema hongereni, hongereni sana.

Haikuwa dhahabu ya kujengea ghorofa. Mkanda wenyewe, ule mshipa wa dhahabu ndani ya mwamba, ulikuwa mwembamba, unapotea na kurudi, unatupa wiki hii na kutunyima ijayo. Mama Lusia alibadilisha bati la kibanda. Noela akapata sare mpya na viatu vya shule. Tulilipa karasha, tukala, tukaendelea. Mzee Pantaleo alikuja siku moja, akashuka, akakagua matimba yetu yote kwa kuyagonga na fimbo. Alipopanda alivua kofia, akatuaga akiwa ameishika mkononi. Kwa hiyo siwezi kusema hatukufika popote. Tulikuwa wanawake, tulikuwa chini ya ardhi, na tulikuwa tunakula jasho letu wenyewe. Nusu ya niliyoyasema kwenye kipaza sauti ilitimia.

Nusu nyingine waliikalia kikao. Nilikuwa nimeahidi kufuata watakachosema, nao walisema kwa upole sana: kila asubuhi, kabla ya kufunga kamba, kila mmoja aulizwe kama yuko safi. Asiye safi akae juu, avute winchi, apange viroba, mgao wake utakuwa uleule. Ikabaki nani awe anauliza.

"Uulize wewe," Mama Lusia akaniambia. "Kwenye mdomo wako litakuwa laini."

Nikauliza. Nilisimama kwenye mdomo wa duara asubuhi baada ya asubuhi, nikawauliza wanawake wenzangu kama wako safi, na kweli nililifanya liwe laini. Nilishusha sauti. Nilimgusa mtu begani. Nilimwita kila mmoja kwa jina la mtoto wake. Na kila mmoja, hata wale waliokuwa wakinishangilia uwanjani, alitazama vidole vyake vya miguu akijibu. Mkao ule niliujua.

Violeth ndiye aliyeumia zaidi, kwa sababu hakujua kuficha. Aliposema hapana, alikwenda kukaa kwenye kifusi akisubiri zamu ya winchi, na vijana wa Deusdedit wakipita walipaza sauti: "Leo ni Violeth!" Machimbo mazima yalijua siku zake. Nilisikia kila mara, kisha nikajifanya nakagua kamba.

Siku moja walikuja wanawake kutoka Maganzo, wachenjuaji wa almasi wenye nia ya kuanzisha kikundi chao. Walikuwa wamesikia habari zetu. Mmoja wao, mwenye macho makali kama niliyokuwa nayo mimi zamani, aliniuliza kama ni kweli kwamba kwetu hakuna mwanamke anayeulizwa habari za mwili wake.

"Tuna utaratibu wetu," nikamjibu, nikamwonyesha matimba.

Mimi mwenyewe nilikuwa nafuata utaratibu. Siku zangu zilipofika nilikaa juu kama wengine, na vitambaa nikawa naanika ndani, nyuma ya pazia.

Asubuhi ninayotaka kuisema sikuipanga. Niliamka nikaona damu imekuja kabla ya wakati wake, nikajifunga, nikaenda kazini. Niliwauliza wote. Eunice akasema yuko safi. Wengine wakasema wako safi. Violeth akasema hapana, akaenda kifusini na kanga yake kichwani, kwa kuwa jua lilikuwa limeanza kuchoma. Ikabaki zamu yangu, na kama kawaida Mama Lusia ndiye aliyeniuliza.

"Na wewe, mwenyekiti wetu, uko safi?"

"Niko safi."

Jibu lilitoka lenyewe, jepesi, kama mtu anayejibu salamu. Nikafunga kamba, nikashuka.

Ningependa kusema nilishuka kwa ujasiri. Nilishuka kwa hofu. Kule chini, mahali nilipowahi kujipenda, kila tone la maji lilinishtua. Nilimulika matimba mara mbili tatu nikiona kama yanalia. Nilishika moko huku nimebana mapaja kama mtoto aliyezuia mkojo, na nilipopiga nilipiga taratibu, kwa adabu, nisije nikaushtua mwamba. Mimi! Mimi niliyewaambia watu waje watuonyeshe pua ya dhahabu nilikuwa najificha nisinuswe. Hapo ndipo nilipojua kwamba swali lile halikuishia kwa wale wanaume wa Geita wala kibandani kwa Mama Lusia. Lilikuwa limeingia ndani yangu siku nyingi, limekaa, limezaa. Nikaona haya mbele ya jiwe, pasipo mtu wa kuniona ila Eunice, naye alikuwa amenipa mgongo.

Hasira ndiyo iliyonisaidia. Nilipiga pigo moja la nguvu, kwa kujichukia, kikabanduka kipande kikubwa cha jiwe jeupe, na nyuma yake mkanda ulikuwa umenona. Haukuwa uzi. Ulikuwa na upana wa kidole gumba na ulikuwa unaendelea ndani, na hata kwa tochi ile yenye betri iliyochoka tuliweza kuuona bila kuukodolea macho. Eunice aligeuka, akatazama, akakaa chini kwenye maji.

Duara letu halikuwahi kutoa kama siku ile, na halijatoa hivyo tena.

Nikacheka peke yangu nikipanda ngazi. Nilikuwa na jibu. Miaka yote, tangu ugali ulipomwagwa, nilikuwa natafuta jibu la lile swali, na sasa lilikuwa kwenye kiroba, zito, linavutwa juu kwa winchi. Nilipanga maneno nikiwa bado gizani. Nitasema: mimi niko mwezini, nimeshuka hivi hivi, haya tazameni. Maneno machache tu. Hata kipaza sauti hakikuhitajika.

Nilipotoa kichwa nje, Mama Lusia alikuwa amepiga magoti kwenye udongo, mikono juu, machozi yanachirizika.

"Mnaona?" alikuwa akiwaambia wengine. "Mnaona tukishika masharti? Leo hata mmoja hakudanganya!"

Nikafungua mdomo. Wote walinigeukia, nyuso zimejaa tope na furaha, wakisubiri mwenyekiti aseme neno. Nikaona jinsi furaha ile itakavyokatika. Nikaona watakavyokitazama kiroba kwa woga, kama kitu kilichoibwa. Hakuna ambaye angesema Scola alikuwa sahihi. Wangesema Scola ametudanganya, amechezea chakula cha watoto wetu. Na wangekuwa wamesema kweli, kwa sababu jibu langu nilikuwa nimelipitisha kwa uongo, na sikuwa na namna ya kulitoa peke yake.

Nilifunga mdomo. Nikainua mikono kama Mama Lusia, wakaanza kuimba.

Violeth alikuwa ameteremka kutoka kifusini, kanga bado kichwani, anasukuma watu ili anifikie. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Alinishika mikono yote miwili.

"Afadhali nilikaa, dada," akasema. "Ningewaharibia."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kwa shukrani, kama mtu aliyeponea chupuchupu kuangusha mtoto wa mwenzake. Nikamtazama binti yule aliyenyooka, ambaye machimbo mazima yalijua siku zake kwa sababu mimi nilimuuliza na yeye akasema kweli.

"Kesho utashuka na mimi," nikamwambia. Nikarudia. "Kesho ushuke, Violeth."

"Kesho bado, dada. Labda keshokutwa."

Asubuhi yake nilimuuliza, kama kawaida. Akatazama chini, akasema bado. Mimi nikasema niko safi, nikafunga kamba kiunoni, nikashuka.